Zimwi Limevuka Mpaka

Jumatatu, 9 Juni 2025
Samahani, shajara. Tangu Pasaka sijakuandikia neno. Timotheo anaota meno, na kila nafasi niliyoiba nimeipeleka kwenye kaunta buku lingine. Nimemaliza! Kurasa arobaini. Ni mwendelezo wa ile hadithi ya zimwi lililomfungia binti kwenye ngoma ili aimbe. Yangu ni ya vijana. Binti sasa ana miaka kumi na sita, ngoma anayo yeye, na akiipiga, mlango wowote unafunguka. Redio ya Vwawa inapokea hadithi mpaka Ijumaa saa kumi. Itakayoshinda itasomwa hewani na jina la mwandishi litatajwa. Nesta, aliyeishia kidato cha pili. Hewani!

Wifi Ketrina naye ameandika. Amenicheka: si zimwi liliumwa na nyuki likafa, mwendelezo unatoka wapi? Nimemwambia nyuki si risasi.

Jumanne, 10 Juni
Hadithi ya Ketrina imesomwa na mwalimu. Mwalimu mmoja! Mimi nina foleni nzima ya malori. Madereva wananunua chapati zangu asubuhi, halafu siku nne wanakaa tu wakingoja kuingia Zambia. Daftari nimempa Gibson, wa lori la bluu. Akimaliza ampe wa mbele yake, naye ampe wa mbele yake, kila mtu aandike maoni pembeni. Mpango safi. Sijui kwa nini wengine hawaandiki hivi.

Jumatano, 11 Juni
Maoni yanamiminika. Dereva wa mahindi amelia pale binti anapomuaga mama yake. Sebastian, wa lori la saruji, anataka zimwi lioe. Nimekataa. Akasema dada, hata zimwi linachoka kujipikia. Nimekataa tena, nikamwongezea chapati, maana amekonda.

Ketrina amepita kuuliza daftari liko wapi. Nimemwambia liko kwa wasomi.

Alhamisi, 12 Juni
Foleni imetembea!

Nimekimbia, Timotheo mgongoni, beseni la chapati kichwani. Gibson yupo, daftari halipo. Nilisema wa mbele, wakampa wa mbele. Limefika getini kabla ya malori. Analo Sebastian, na Sebastian ameshavuka. Mlinzi kaniuliza nakwenda wapi na mtoto mdogo hivi. Nikamwambia zimwi langu limevuka mpaka. Amenishauri nikapumzike.

Gibson amempigia. Sebastian anasema nisilie, atapiga picha kila ukurasa na kunitumia kwenye simu. Sijalia. Ni vumbi.

Ijumaa, 13 Juni
Zimefika picha thelathini na tatu. Kurasa saba za mwisho mtandao umezikataa. Badala yake Sebastian ametuma sauti akisimulia mwisho anaoutaka yeye. Zimwi limeoa. Wana mgahawa Ndola.

Nimenakili tangu alfajiri, Timotheo akinyonya. Mwisho nimeuandika ndani ya Noah ya abiria ya kwenda Vwawa, kwa hiyo binti anashinda kwa herufi za kurukaruka. Nimefika saa kumi na dakika kumi na mbili. Dirisha la kupokelea hadithi limefungwa. Nimemweleza askari wa mlangoni kwamba humu kuna zimwi. Kasema lisubiri mwakani.

Jumapili, 22 Juni
Redio imesoma ya Ketrina. Binti anatii wazazi. Zimwi linaokoka, linabatizwa, linaimba kwaya, sauti ya besi. Mama mkwe amelia. Nimempongeza wifi yangu. Kwa kuuma meno, lakini nimempongeza.

Jioni Sebastian kapiga kutoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Foleni ya huko ni ndefu kuliko ya kwetu. Wanasomeana daftari kwa zamu, na kila anayeanza lazima ataje jina langu la kwenye jalada, ndiyo sheria yao. Nikamwambia alitaje nisikie. Akaita wenzake. Wakaliita wote, na honi juu. Timotheo akaamka. Sikumgombeza mtu.

Wanataka sehemu ya tatu.

Sasa nimepata akili. Safari hii sianzii katikati ya foleni. Nitampa dereva wa kwanza kabisa pale getini. Huyo hana wa mbele wa kumpa!

Dada yangu Recho aliyeko Ihanda ameuliza anitumie nini. Nimemwandikia: kalamu nyeusi mbili. Maharage kilo tano. Dawa ya fizi ya Timotheo. Kanga ya kubebea, ile ngumu. Kaunta buku moja. La pili la kuwekea nakala la nini, dada? Moja tu.