Gundi kwenye Swichi ya Edelmira

Jumatatu, 4 Agosti

Fanor, msimamizi wetu wa santuri, hana haya! Ametundika tangazo mlangoni mwa ukumbi wetu wa dansi wa wazee: kuanzia sasa kila santuri itapigwa kwa mwendo wake halisi, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika. Eti kwa sababu Mzee Ovidio aliumia nyonga. Ovidio alianguka akienda msalani! Hapa Cali, tangu ujana wetu, santuri za zamani za salsa tunazipandisha hadi arobaini na tano, miguu ikose pa kukanyaga. Ndiyo desturi yetu.

Na Jumapili hii mke wangu Edelmira anatimiza mwaka kaburini. Nataka wimbo wetu upigwe kwa mbio, kama tulivyoucheza miaka thelathini na minane. Sitaki kingine. Nimeandika barua kali, nikatia sahihi "Wachezaji Wote".

Jumatano, 6 Agosti

Fanor amenirudishia barua hadharani, kwa muuza kahawa. Kasema hao Wachezaji Wote wananuka gundi ya viatu. Watu wakacheka hadi machozi. Nashona viatu vya kuchezea tangu ujana, ninuke nini, marashi?

Basi. Nitaichukua santuri yenyewe, nikaipige nyumbani kwa mbio. Nilimpa mimi, wiki ya mazishi, maana sikuvumilia kuiona nyumbani. Kuchukua chako si wizi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempelekea Fanor ukumbini chontaduro za kuchemsha, yale matunda yetu ya mtende, na chumvi na asali. Anazipenda kufa. Akala, akaenda kunawa mikono. Haraka! Nikachomoa santuri, nikaisokomeza mgongoni chini ya shati, na ndani ya jalada nikaacha santuri ya nyimbo za Krismasi.

Aliporudi akauliza mbona nimekaa wima kama askari. Nikasema mgongo unauma. Akaja kunikanda, kwa huruma zake! Nilitoka jasho hadi kwenye soksi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshusha gramafoni ya Edelmira kabatini. Vumbi, na pini zake mbili za nywele. Nikaweka santuri. Wimbo ukatoka polepole! Nikasukuma swichi ya mwendo. Haiendi. Kwa bisibisi, haiendi. Nikavaa miwani. Gundi! Gundi yangu mwenyewe, ile ya soli, imeigandisha palepale kwenye thelathini na tatu.

Nikamwita jirani yetu Ligia. Alicheka kwanza. Kisha akasema kumbe sikujua? Gundi aliipaka Edelmira mwenyewe. Kila asubuhi, nikishatoka kwenda kibandani kushona viatu, Edelmira alikuwa akiupiga wimbo polepole na kuucheza peke yake jikoni, amevaa ndara. Ligia alimuuliza mbona hanisubiri. Akajibu: "Arnubio hachezi na mimi, shoga yangu. Anashindana na tarumbeta."

Nikakaa. Wimbo ukaendelea. Chini ya zile tarumbeta kuna piano inabembeleza, na sikuwahi kuisikia. Ngoma zinaongea kwa zamu, moja inauliza, nyingine inajibu. Kengele haikimbii, inangoja. Na yule mwimbaji tuliyezoea kumsikia kama kuku aliyekanyagwa, kumbe ni mtu mzima analia. Miaka thelathini na minane! Alikuwa akiniambia sikioni, "Taratibu, mume wangu," nami nikidhani amechoka. Nimelia mpaka Ligia akafunga dirisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudisha santuri mbele ya watu wote na kuungama. Nilingoja matusi. Fanor akanikumbatia, akasema alijua tangu Ijumaa, aliigusa wakati ananikanda. Akaniita mwizi mjinga kuliko wote mtaani. Kisha akatangaza wimbo huu ni wa Edelmira, kwa mwendo wake. Wazee wote wakasimama. Ligia akanipa mkono.

Tukaanza. Piano, kengele. Ulikuwa mzuri, sitadanganya. Tukafika kwenye kile kimya kabla ya tarumbeta, pale Edelmira alipokuwa akigeuka. Kwa mbio, kimya hicho ni kufumba na kufumbua. Leo kilikuwa kirefu. Mkono wangu ukainuka wenyewe kumzungusha, na chini yake hapakuwa na mtu. Ligia hajui kwamba pale watu hugeuka.

Sikuweza. Nikamwacha Ligia katikati ya ukumbi, nikakimbilia gramafoni, nikasukuma swichi hadi arobaini na tano.

Ghasia! Wazee waligongana, shanga zikakatika. Mzee Ovidio alikaa sakafuni, safari hii kwa hiari. Ligia alinitazama tu, akachukua mkoba wake akaenda zake, na hilo limeniuma kuliko kelele za Fanor. Nimefungiwa ukumbi hadi Krismasi.

Lakini kwa nusu dakika, jamani, tarumbeta zilikimbia kama zamani, na sikupata nafasi ya kumkumbuka.

Ukumbi una dirisha la nyuma. Swichi ya Fanor nimeshaijua ilivyo. Gundi ninayo.