Mguu wa Kulia wa Wouter

Picha ya ombaomba wa mguu mmoja ilikuwa imetundikwa kwenye kila duka la vitabu mjini Haarlem siku Wouter alipoinusa riziki. Watu walisema Bibi Aleida, mjane wa mwenye kiwanda cha bia, ameipenda mpaka analia, na anamtaka ombaomba mwenyewe: atampa chumba, moto na supu ya njegere hadi kufa kwake. Na barafu ilikuwa imeshaanza kuushika mfereji.

Wouter alikuwa na miguu miwili, lakini hilo halijawahi kumzuia.

Akamfuata ombaomba wa kwenye picha, mzee Teeuwis, kwenye ngazi za kanisa.

"Mzee wangu, hamia Leiden. Nakupa koti langu."

"Na viatu."

"Vyote viwili? Cha pili utavaa wapi?"

"Kimoja kikichakaa, mwanangu, nitakuwa na akiba."

Wouter akacheka, akavua, akapewa gongo la mzee la kutembelea. Akaitazama picha kwa makini kama msomaji wa Zaburi, akaukunja na kuufunga kwa kamba mguu wa kulia, uleule uliokosekana kwenye karatasi. Akaenda kwa Bibi Aleida akirukaruka, akimtaja Mungu kila hatua.

Bibi Aleida alimtazama. Kisha akashusha ukutani bamba la shaba, lile lililochapia picha zote.

"Nililinunua kwa mchoraji. Hebu tazama. Hapa mguu gani haupo?"

Wouter akatazama.

"Wa... kushoto, Bibi."

"Mchoraji alimchora hapa, akimwona kwa macho. Wino ukigandamizwa kwenye karatasi, kila kitu kinageuka. Wewe umeiiga karatasi, baba."

Mpishi wa Bibi akakata kamba kwa kisu cha samaki. Mguu ukashuka sakafuni, mzima kabisa.

"Muujiza!" akasema mpishi, akamtoa nje peku.

Mlangoni Wouter akapishana na Teeuwis, koti zuri mwilini, mfuko begani, akichechemea kwa gongo jingine, bila mguu wa kushoto.

"Leiden ni mbali, mwanangu," akanong'ona.

Kesho yake Wouter alichungulia dirishani kwa Bibi Aleida. Teeuwis alikuwa peke yake, amenyoosha miguu kwenye moto. Miwili. Yote ndani ya viatu vya Wouter.

"Bibi! Bibi Aleida! Ana miguu miwili huyo!"

Mpishi akafungua dirisha la juu, ndoo mkononi.

"Si wewe uliyeota mguu hapa jana? Leo umekuja kumgawia na mwenzio?"

Akammwagia ndoo nzima ya maji. Ndani, Teeuwis, mcha Mungu, akaomba supu zaidi.