Sanduku Linalotii

Haya nilihadithiwa na Nadra, mjukuu wa jirani yangu, juzi tukichambua mchele. Yeye na wasichana wenziwe ndio walioanzisha wiki ya mji wetu: kurasa za mtandaoni za habari za nyumba za kale, ambazo kila mtu aweza kufungua akaongeza alijualo. Mimi nilidhani wiki ni siku saba. Nadra alicheka hata mchele ukamwagika.

Basi Jeilani, kijana wa kanzu nyeupe na ulimi uliopakwa samli, aligundua kitu. Wiki ile ilikuwa na sanduku la kuandikia maoni. Ukiandika maneno, laonyesha maneno. Lakini ukiandika amri kwa lugha ya kompyuta, sanduku haliulizi wewe nani. Latii, na kurasa zote zatii nalo. Jeilani alipoona hivyo akasema Alhamdulillahi, maana mcha Mungu hasahau kushukuru.

Nyumba aliyoitamani ni ya Bi Khairiya. Bibi na mumewe, Bwana Taha, walikuwa wamekwenda kijiji cha Matondoni arusini, ufunguo wamemwachia Jeilani amwagilie asumini. Akamwagilia. Kisha akaandika amri moja tu: kila penye jina Khairiya, paonekane Jeilani.

Mnunuzi aliyemtafutia nyumba ile alikuwa Wairimu, mama wa biashara kutoka Nairobi. Jeilani alimpokea Mokowe, ng'ambo ya bara, akamlipia boti ya kuvukia, akamlisha kamba, yote kwa mfuko wake.

"Hii nyumba ni yako kweli?" Wairimu akauliza wakiwa ukumbini.

"Usiniamini mimi, Bi Wairimu, mimi ni binadamu. Iamini wiki. Imeandikwa na mji mzima."

Wairimu akafungua simu. "'Nyumba ya Jeilani.' Sawa." Akatia mkono mkobani atoe arbuni ya kuishika nyumba. Jeilani akameza mate. Lakini mama huyu hata sukuma wiki hainunui bila kugeuza kila jani. "Ngoja nimalizie kusoma."

Jeilani, mzaliwa wa papa hapa, alisahau lijulikanalo na kila mtoto wa mjini: nyumba zetu hupewa binti anapoolewa.

Wairimu akasoma kwa sauti: "'Jeilani alipewa nyumba hii na babake siku alipoolewa na Bwana Taha. Hakujatokea bi arusi mzuri kama Jeilani. Hina yake ilimfika viwikoni.'" Akamtazama juu hadi chini. "'Jeilani amezaa watoto sita.' Pole, mama."

Mlangoni pakasikika kikohozi. Bi Khairiya amerudi kutoka arusini, na Bwana Taha nyuma yake, na yaliyosomwa wameyasikia.

"Kumbe mume wangu ana mke mwingine na mimi sina habari!" Bi Khairiya akamwita kwa kidole aje. "Ndoo, mke mwenzangu, ndoo! Leo zamu ni yako."

"Bi, ni hitilafu ya mtandao..."

"Hitilafu izaayo watoto sita? Chagua: jikoni au kituo cha polisi."

Bwana Taha akajikalia kitini. "Mke wangu, chai. Tia tangawizi."

Wairimu akafunga mkoba. "Ndia ya jeti ni hiyo," Bi Khairiya akamwambia, akimwonyesha njia ya kwenda botini, "lakini kula kwanza, mgeni. Jeilani apika."

Akapika. Nadra akaitwa, akalirekebisha sanduku. "Nimeliambia: soma, usitii," ndivyo alivyonieleza.

Baada ya chakula Wairimu alisinzia ndani ya boti. Bwana Taha akalala, Bi Khairiya akalala. Jeilani alibaki akisugua sufuria iliyoungua, hata naye usingizi ukamchukua hapo hapo jikoni, masizi yamemfika viwikoni.