Mapipa Matatu Dhidi ya Redio Zangu

Jumatatu, 4 Agosti
Wameleta mapipa. Matatu kila nyumba, yana magurudumu na vifuniko. La kijani mabaki ya chakula, la buluu plastiki na karatasi, jeusi vyuma na makorokoro mengine. Bwana afya kaja nayo mwenyewe. Nilijifungia bafuni ili nisitie saini. Mama watoto akatia yeye, tena akamkaribisha maji ya kunywa.

Bwana afya simwogopi. Namwogopa mke wangu akiwa na lile pipa jeusi. Uani nina redio mbovu, zimepangwa kuanzia ukutani hadi chini ya kamba ya nguo. Yeye anaziita takataka. Mimi, fundi redio, naziita vipuri. Miaka yote nilikuwa na hoja moja tu: hakuna pa kuzitupa. Sasa amepewa pa kuzitupa, tena panasukumika.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepita mtaani kuhimiza mgomo. Mshonaji, jirani wa kulia, amejaza maji ya akiba kwenye la buluu na vitambaa kwenye la kijani. Alisema kutia uchafu kwenye chombo kizuri hivyo ni kukufuru. Kinyozi amelifanya jeusi kiti cha wateja. Watu wa kuweka msimamo hao.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kushoto ndiye anayetenganisha taka, hadi maganda ya mayai. Nikamwambia tunaonewa. Akauliza tunaonewa nini hasa. Nikasema haki zetu. Akauliza ipi. Mtu wa namna hiyo huwezi kupindua naye hata ndoo.

Jumatano, 6 Agosti
Mbinu mpya. Mwalimu akibandikwa onyo la kuchanganya taka, atakasirika, atajiunga nami. Asubuhi na mapema nikamtilia waya na betri zilizovimba kwenye pipa lake la kijani.

Kabla sijamaliza chai, bwana afya alikuwa mlangoni kwangu na ndoo ya waya. Akasema mzee, mtaa mzima una fundi redio mmoja. Onyo nimebandikwa mimi. Mwalimu akalisoma kwa sauti, polepole, kama anatoa imla. Mke wangu aligeuka tu akatazama uani. Hapo ndipo nilipotishika.

Alhamisi, 7 Agosti
Mke wangu ametoa amri. Redio ziondoke leo, la sivyo ataziondoa yeye na dada yake. Huyo shemeji namjua. Kabati la nguo hulibeba peke yake, huku anapiga soga.

Nikapata wazo, la maana kweli safari hii. Vitu vyangu vitatafutwa kila mahali isipokuwa ndani ya mapipa. Alipokwenda sokoni nikapanga: spika kwenye kijani, transista kwenye buluu, transfoma nzito kwenye jeusi. Juu nikafunika magazeti. Makava matupu nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu, ionekane nina moyo.

Aliporudi akauliza redio ziko wapi. Nikasema nimetupa, kila kitu katika pipa lake, kama bwana afya alivyoelekeza. Akanitazama kama siku ya posa. Chakula cha jioni aliniongezea nyama. Nimekula bila aibu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilikuwa kibandani nikiunga waya wa redio ya kinyozi. Nikasikia lori la taka, halafu mlio wa spika zinagongana. Nilitoka mbio, bisibisi mkononi.

Mama watoto alikuwa getini, mapipa yote matatu yameinuliwa. Kayasukuma mwenyewe. Alisema baba watoto apumzike, kajitahidi sana. Vijana wa lori walilalamikia uzito. Akawaambia mume wangu akiamua kutupa, anatupa.

Bwana afya akanipa mkono mbele ya watu, akaibandua ile stika ya onyo. Akasema nyumba hii ni mfano. Mwalimu akapiga makofi, kwa shida. Nilishukuru. Lori likakata kona na vipuri vya maisha yangu yote.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kwenye kituo cha kuchambulia taka. Msimamizi ni mama mmoja mwenye buti za mpira. Nikajieleza. Akanionyesha vitu vyangu pembeni, na nyuma yake mlima: redio za mji mzima, feni, pasi, televisheni. Watu hawana akili, wametupa mali. Akasema beba tu baba, zinatujazia nafasi.

Nilikodi mkokoteni. Kisha wa pili.

Geti limefungwa kwa ndani. Mke wangu anasema nichague, yeye au hayo. Nimemwambia achague yeye, feni au televisheni, zote zinatengenezeka. Naandika nikiwa nimekaa juu ya mkokoteni. Shemeji ameitwa.

Msimamo wangu haujatikisika. Mapipa haya ni uonevu na sitayatambua kamwe. Jumatatu nitaomba mengine sita. Yenye kufuli.