Mazishi ya Kulwa, Ng'ombe Wetu

Jumatatu, 9 Juni 1997

Nimefika Bugokela kwa likizo nikitarajia viazi vitamu. Nimekuta vita.

Mambo ni haya. Kampuni ya dhahabu imezungusha uzio kwenye kilima chetu, na uzio umekata njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani. Sasa ng'ombe wanatembea barabara kuu kama abiria. Juzi gari la kampuni likamgonga Kulwa, maksai wetu wa kulimia. (Doto ndiye mwenzake wa nira.) Halikusimama. Vijana wakamburuta marehemu hadi katikati ya barabara, wakaapa hapiti Mzungu. Polisi wakaja. Wote wakakimbia isipokuwa kaka Machibya, ambaye hajawahi kujua kukimbia, ana nyayo bapa. Yuko mahabusu ya kituo. Jumatatu ijayo anapelekwa mjini mahakamani, na baba anasema akishaingia gereza la Butimba tutamwona tena akiwa na mvi.

Mama analia. Doto hali majani. Baba, baada ya kusema hilo la mvi, hajasema lingine.

Mimi ndiye msomi wa nyumba hii. Kidato cha tatu! Kiswahili na Kiingereza, vyote! Nimeamua kuleta amani kati ya kampuni, polisi na kijiji, na Machibya atatoka. Nimeandika hapa ili nisiogope.

Tayari naogopa.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: hotuba. Nimeikariri njiani mbele ya shamba la mihogo. Mihogo ilisikiliza vizuri sana.

Kituoni nimemkuta Sajini Kondo ananyoa ndevu nje. Mzaramo wa Kisarawe, mnene, sauti ya kusikika mpaka Magu. Nikasema shikamoo afande. Akasema marahaba. Hotuba ikaishia hapo. Akanitazama. Mimi nikatazama ndoo. Akauliza kama nimekuja kuchota maji, nikasema ndiyo.

Kwa nini nilisema ndiyo?

Nimechota maji. Nimeosha baiskeli ya serikali. Machibya amenichungulia kupitia nondo za dirisha, akauliza mshahara wanalipa tarehe ngapi.

Kisha Sajini akataka kujua mimi mtoto wa nani. Nilipomtajia baba, akacheka mpaka kiti kikalia. Kumbe ni ninyi! Akasema hajaona watu kama Wasukuma, ng'ombe amekufa mnamlaza barabarani mnamlilia kama mjomba. Akasema tungekuwa na haya kidogo tungemchongea na jeneza, naye angekuja msibani kutuzomea kwa raha zake.

Nimenuna njia nzima. Najua sikupaswa. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za mababu. Msibani ndiko mtani anatamba: anamtukana marehemu, anaingia kaburini, anakwapua chochote anachokiona, na ni mwiko kumkasirikia. Lakini mjomba!

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili: kumwona meneja wa kampuni, Mzungu mrefu ambaye kijiji kinamwita Fimbo.

Getini yuko Venant. Venant! Darasa la saba nilimshinda hesabu kila muhula. Sasa ni mlinzi, ana buti na filimbi. Aliipuliza nikiwa bado mbali. Akaniamuru nisimame nyuma ya mstari. Nikamwambia hakuna mstari. Akauchora kwa buti. Wakati huohuo Dorcas wa kwaya akapita na ndoo kichwani, akanikuta nimesimama wima nyuma ya mstari wa vumbi kama mtoto aliyechelewa paredi. Akauliza naadhibiwa kwa kosa gani. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia sasa hivi, usiku wa kuamkia kesho.

Lakini nimepata siri. Venant hawezi kunyamaza akishapewa nafasi ya kujidai. Anasema dereva alimwambia Fimbo kwamba gari liligonga mti. Barabara, Fimbo ameambiwa, ilifungwa na walevi. Habari ya ng'ombe haijui kabisa! Nikamuuliza Venant kwa nini hakumweleza bosi wake. Akasema yeye ameajiriwa kupuliza filimbi.

Mtu wa akili ndogo angesema, basi Gidion, kamweleze wewe. Mimi nimefikiri zaidi. Ukiwaita watu hawa kwenye mkutano, polisi watakuja na virungu, kampuni haitakuja, kijiji kitakuja na mawe. Ila hakuna mtu anayekataa kwenda msibani.

Tutamzika Kulwa!

Nimecheka peke yangu gizani. Mama ameuliza kama nina homa.

Alhamisi, 12 Juni

Kikwazo kidogo. Kulwa ameshaliwa. (Maini nilikula mimi. Sikujua.) Zimebaki pembe, kwato na mkia.

Nimeieleza familia mpango wangu nikitazama chini. Baba amesema neno lake la kwanza tangu Jumatatu, nalo ni kwamba Kiingereza kimenipanda kichwani. Mama akasema mtoto mmoja yuko ndani, na huyu wa pili anafuata. Bibi Wilhelmina akaendelea kupepeta mtama. Kisha akauliza swali moja tu: huyo Mzaramo atakuja amevaa yunifomu? Nikasema nadhani, anatoka kazini. Bibi akasema basi azikwe.

Bibi akishasema, imekwisha.

Jeneza: sanduku langu la bati la shule. Lina jina langu kwa rangi nyeupe, GIDION Y. SHIMBA, lakini nani atasoma?

Sajini amepiga meza kwa furaha. Ameapa atakuja hata kama benki itavamiwa.

Fimbo nimemvizia dukani anakokunywa soda, mbali na filimbi. Kiingereza changu chote kilitoroka, yakabaki maneno ya kitabuni ya kuarifu kifo. Nikamtajia jina langu lote, kisha nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba Kulwa hayupo tena. Kwamba ni gari la kampuni. Kwamba mazishi ni Jumamosi saa nne. Kwamba pacha wake Doto hali chochote.

Sikusema ng'ombe. Hakuuliza.

Uso wake mwekundu ukawa mweupe kama unga. Akaiacha soda nusu. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: niliona vibaya. Niliona vibaya mpaka kwenye kona ya kanisa. Kisha nikamwona Dorcas, nikasahau.

Ijumaa, 13 Juni

Mambo yamekuwa makubwa! Kampuni imeleta turubai na magunia ya mchele. Kwaya inafanya mazoezi. Wazee wamechimba shimo karibu na uzio, wanagombania nani azungumze kwanza. Shangazi Teodora ameshuka basi kutoka Magu analia kwa sauti, akauliza katikati ya kilio ni nani amefariki. Akaambiwa. Akatafakari. Akaendelea kulia, maana nauli ilishatumika.

Venant amepita kunitambia kwamba kesho atakuja na bosi, ndani ya gari, kiti cha nyuma. Namwonea huruma. Hajui kwamba yumo kwenye mpango wangu.

Nimepanga pembe na kwato sandukuni. Limefungika kwa shida, sijui kwa nini.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa. Sajini akafika kwa baiskeli, yunifomu imenyooka, kofia kichwani, akaanza matusi kabla hajashuka. Akaulilia mwili kwa sauti nyembamba ya kejeli: Ewe Kulwa, uliyekuwa na akili kuliko wenye mali! Ewe Kulwa, ndiwe pekee uliyekuwa ukinawa uso hapa kijijini! Wale vijana waliomkimbia polisi Jumamosi iliyopita walikuwa wanashikana mbavu. Kisha akatumbukia shimoni, akajilaza, akatangaza hatoki mpaka Wasukuma wakiri kwamba marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti mwenyewe akalikaribia shimo, akamwambia ajifunike vizuri, kuna baridi.

Nikajisemea, Gidion, umefaulu.

Ndipo gari la kampuni likafika. Fimbo akashuka na suti nyeusi na shada la maua. Akaja polepole. Akasimama mbele ya sanduku. Akasoma. Akanitazama mimi, mzima, nimeshika mwiko wa mchele. Akasoma tena.

Akamuuliza Venant nani yumo humu. Na Venant, mwana wa mama yake, akalifungua!

Pembe. Kwato. Mkia.

Nikatamani kubadilishana nafasi na mkia.

Fimbo akaniuliza, polepole kama anaongea na mgonjwa, kama ina maana hakuna mtu aliyekufa. Nikatikisa kichwa. Hakuna mtoto? Hakuna. Akafunga kifuniko, akakaa juu ya sanduku, akaficha uso. Mabega yakatetemeka. Watu wakaanza kurudi nyuma. Alipoinua uso, kumbe machozi na kicheko vimechanganyika. Akasema hajalala tangu Alhamisi. Kila akifumba macho anamwona mtoto anaitwa Doto amekaa peke yake.

Kisha akageuka kumtazama dereva wake. Dereva alikuwa anakagua viatu.

Ilinibidi nitafsiri, huo ndio ulikuwa wakati wangu, lakini ulimi ulinata juu kama uji uliopoa. Venant akatafsiri. Kiingereza kibovu! Mikono mingi! Alilia mooo mbele ya watu! Kila mtu alielewa.

Wakati huo Sajini alikuwa anatoka shimoni kwa kusukumwa. Alipotokeza kichwa, Bibi Wilhelmina, aliyekuwa amekaa pale kimya tangu asubuhi, akainyakua kofia ya polisi na kuikalia.

Sajini akacheka. Akasema, haya bibi, mtani wangu, nipe kofia. Bibi akasema komboa. Akamwahidi khanga. Bibi akasema khanga anazo. Akamwahidi sukari. Bibi akasema ana meno mawili tu na anayahitaji. Basi unataka nini, bibi? Bibi akasema anamtaka Machibya.

Kicheko kikapungua. Sajini akasema kwa sauti ya chini, ya kwake kabisa, kwamba hilo haliko mikononi mwake. Mlalamikaji ni kampuni. Bibi akajiweka vizuri juu ya kofia, akasema yeye hana haraka. Afande ndiye mwenye zamu saa nane, na kituoni sijui watamwonaje akiingia kichwa wazi.

Watu wote wakageuka kumtazama mlalamikaji. Alikuwa juu ya sanduku langu, anapangusa macho kwa tai.

Akauliza kinachoendelea. Venant akamweleza kwamba kofia ya polisi iko mahabusu. Fimbo akamtazama Bibi juu ya kofia. Akasema kampuni haina lalamiko. Kama angejua ng'ombe amekufa, angekuja yeye mwenyewe siku ileile.

Shangwe! Shangazi Teodora alilia upya, safari hii bure.

Na baba, baba yangu asiyeongea, akamshika Mzungu mkono akamwongoza hadi kwenye uzio. Akamwonyesha ardhi: njia ya ng'ombe, imechimbika kwa kwato za miaka, inakuja moja kwa moja mpaka kwenye waya na kuendelea upande wa pili kushuka ziwani. Doto alikuwa pale, pua kwenye waya. Fimbo akauliza geti liwe pana kiasi gani. Baba akanyoosha mikono yote miwili.

Tukala wote. Polisi, kampuni, kijiji, sinia moja. Machibya aliletwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya serikali, Sajini anasukuma pedali na kofia yake kichwani, anatutukana njia nzima.

Katika furaha ile watu wakafukia sanduku. Baadaye nikakumbuka kwa nini lilifungika kwa shida. Mashati yangu ya shule yalikuwa chini. Na viatu.

Jumatatu, 16 Juni

Leo ndiyo ingekuwa siku ya mahakama. Badala yake Machibya amepitisha ng'ombe kwenye uwazi waliokata jana wakati geti linachongwa. Doto alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Magari yanapita taratibu. Msimamizi wa geti, asubuhi na jioni, ni Venant. Anawapulizia filimbi ng'ombe wasimame nyuma ya mstari. Hawamsikilizi.

Sajini ameshakuja mara mbili kula viazi na kumtukana Bibi. Leo Bibi amemfungia baiskeli.

Kijiji kinamshukuru Bibi. Kinamshukuru baba. Venant amepewa buti mpya kwa kulia mooo. Mimi nimeulizwa na Dorcas kama nitazika tena karibuni, maana alifurahi. Nilimjibu! Nilisema "mm".

Jana nilijaribu kufukua mashati. Shangazi akapiga yowe la mwizi wa makaburi.

Bibi ameniita jioni. Amesema, mjukuu wangu, yule Mzungu ulimkuta dukani Alhamisi. Ungemwambia maneno matatu tu, gari limeua ng'ombe, tusingehitaji shimo. Kituo kizima cha polisi ulikuwa nacho mbele yako Jumanne, ukachagua ndoo. Nikasema ndiyo, Bibi. Namheshimu sana. Lakini ni mzee, hakusoma, mipango mikubwa hawezi kuielewa.

Kwa maana mpango ulifaulu! Na nimesikia kwamba kule mjini, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wenye viwanda vya samaki na akina mama wachuuzi hawasalimiani, na mgambo wanawachapa katikati. Shule ikifungua nitakuwa jirani kabisa. Pale panahitaji mtu wa amani.

Nahitaji sangara mmoja mkubwa, aliyekufa kwa huzuni.

Na sanduku. Venant analo la mbao, zuri, lenye kufuli. Bado sijamwambia.