Ombi la Kumkataa Binti Yangu Jengoni Mwenu

Tana, kaskazini kabisa mwa nchi, wiki ya mwisho ya Januari

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Jengo la Rognebakken,
Oslo

Mheshimiwa Bwana Wessel-Holst,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ile kofia yako ya manyoya ikiwa kichwani, maana sijawahi kukuona bila hiyo hata ukiwa ndani. Sisi huku hatujambo. Mimi ni Gudveig Myrhaug, yule bibi wa kaskazini aliyekaa kwenu wiki nzima na mjukuu wake Eilif, mtoto wa mwaka mmoja na nusu na ushei, katika chumba anachopanga binti yangu Synne. Kama bado hujanikumbuka, mimi ndiye niliyekiacha kwenye ngazi kiti cha kuteleza juu ya theluji.

Nimearifiwa kwamba Synne ameomba kununua nyumba katika jengo lenu, na kwamba kamati yako itakaa mwezi ujao kuamua kama inampokea. Kwa heshima zote, naiomba kamati imkatae.

Usishtuke. Najua sheria hairuhusu kamati kumkataa mtu kwa sababu tu haikuipenda sura yake. Lazima iwepo sababu ya maana. Ndiyo maana nimekaa mezani tangu asubuhi, nikuandikie sababu mimi mwenyewe, usipate taabu ya kuzitafuta. Synne hutengeneza miguu na mikono ya bandia, kazi ambayo huku kwetu haipo. Alianza kazi huko baada ya mwaka mpya, akaniachia mtoto mpaka apate pa kuishi naye. Baba wa mtoto yuko Bergen na maisha yake, na abaki huko huko. Mkimpokea Synne, Eilif atahamia kwenu kabla ya Pasaka. Mkimkataa, Synne atarudi nyumbani, na mtoto atabaki kwangu, mahali panapomfaa. Mambo ni mepesi kiasi hicho.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Barabara zenu zina joto. Nilisafiri na kiti changu cha kuteleza, kile chenye vyuma viwili virefu chini, mtoto anakaa mbele na mtu mzima anasukuma kwa mguu huku amesimama nyuma. Nakieleza kwa sababu, kwa jinsi nilivyotazamwa uwanja wa ndege, niligundua kwamba watu wa kusini mmeshakisahau. Huku kwetu ndicho tunachoendea dukani, kanisani na kwa daktari wa meno. Nilimfunga Eilif vizuri, nikafika mtaa wa maduka, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na kiti hakikwenda. Kilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia maishani. Mkahawa mzima uligeuka. Nikatazama chini nikaona mawe matupu, makavu, mwezi wa Januari! Kijana mmoja mwenye ndevu akatoka na kikombe chake mkononi akaniambia, "Bibi, hapo chini wamepitisha mabomba ya maji ya moto, theluji haikai. Hicho kidude chako karudishe tu nyumbani."

Kidude! Kiti hicho kilimpeleka mama yangu kuzaa.

Yaani mnaichemsha ardhi ili viatu vya watu visilowe. Mtoto anayekulia juu ya mawe ya moto atajifunza wapi kuteleza? Eilif mwenyewe alishuka, akavua glavu, akagusa chini kwa viganja. Kisha akalala kifudifudi katikati ya njia, shavu lake juu ya jiwe, akaanza kucheka. Alikataa katakata kuinuka. Watu walimzunguka kwa adabu wakapita, na hakuna aliyenung'unika, jambo ambalo nalo lilinikera. Naomba mabomba hayo yazimwe kuanzia Novemba hadi Aprili, na kama hayako chini ya kamati yako, basi kamati iwaandikie wenye nayo.

2. Mnavaa makoti ya kwendea ncha ya dunia ili mkanunue mkate. Kibaridi chenyewe kilikuwa kile ambacho huku kwetu tunaanikia nguo. Nilimwona mwanamume mzima amejifunika mpaka nyusi akimtembeza mbwa, na mbwa huyo alikuwa na viatu. Vinne! Eilif siku hiyo alikuwa na kiatu kimoja, cha pili amekitupa kutoka kwenye tramu. Sikatai kwamba alifurahi sana kumwona mbwa yule. Alimpigia makofi mpaka mwenye mbwa akarudi akampitisha mara ya pili. Lakini nauliza, mji ambao mbwa anavishwa vizuri kuliko mjukuu wangu ni mji wa namna gani?

3. Glavu. Huku Tana mtoto akiangusha glavu, theluji inaifunika, nayo huonekana tena mwezi wa Mei. Mkono unapoa, mtoto analia, na anapata akili. Ndivyo nilivyolelewa mimi, na ndivyo nilivyomlea Synne. Kwenu, kila glavu inayoanguka kuna mtu anaiokota na kuichomeka kwenye uzio, vidole juu, mwenyewe apate kuiona. Sikatai, hata huku tunafanya hivyo, lakini tunafanya kwa kiasi! Uzio wa jengo lenu ulifika mahali ukawa na glavu zote za Eilif, kofia yake, soksi moja na miwani yangu ya kusomea. Mtoto alikwisha kuelewa kwamba kutupa ni namna ya kutundika vitu. Alikuwa akitupa, halafu ananyoosha kidole kwenye uzio na kuningoja.

Mwanamke mmoja alitukimbilia kutoka kituo cha tramu hadi langoni, anahema, uso mwekundu, anapaza sauti, "Bibi! Wee bibi, subiri! Katupa tena huyu mhuni wako!" Akacheka, akambana Eilif pua, akaondoka. Tramu yake ilikuwa imeshamwacha. Miaka yote nimeambiwa kwamba watu wa mji mkuu hawasemeshani na watu wasiowajua. Kama hata hilo hamliwezi, mnaweza nini?

4. Jua. Hili nalisema kwa uzito wote. Nilipoondoka na mtoto nyumbani, jua lilikuwa halijachomoza tangu Novemba. Hatulilii jua, hatulitafuti. Litakuja likiwa tayari. Nyinyi mnalitoa jua kila siku, katikati ya Januari, kama skonzi za mdalasini kwenye dirisha la duka la mikate. Siku ya pili liliingia chumbani kwa Synne likaangaza ukutani. Eilif akaliendea, akaweka mkono juu ya ule mwanga, akautazama mkono wake, akanigeukia. Hakuwa na neno la kulisema, akaniita tu nije nilione na mimi. Tuliporudi huku alikwenda kwenye ukuta wa jikoni kwangu akaupigapiga. Ukuta haukuwa na kitu. Sasa mimi nimweleze nini mtoto wa umri huo? Mmemharibu.

5. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti. Uligonga mlango ukiwa na karatasi ya kanuni, ukanisomea kwamba vitu vya wakazi haviwekwi kwenye ngazi, wala kwenye korido, wala kwenye chumba cha kufulia, na Jumapili hakuna kufua. Nilikuheshimu kwa hilo. Nikasema, angalau hapa yupo mtu mmoja mwenye msimamo. Ukakibeba kiti changu mwenyewe hadi uani, Eilif akikufuata nyuma, ukasema utakifungia bandani. Nilikuona, Bwana Wessel-Holst. Nilikuwa dirishani. Ulitazama kushoto, ukatazama kulia, ukampakia Eilif, ukakisukuma kiti changu kwenye ule utepe wa theluji uliobaki kando ya mapipa ya taka, mwendo wa kwenda na kurudi, na kila mkikata kona ulikuwa unapaza sauti, "Shika sana, Kapteni!" Na unasukuma kwa mguu usio sahihi. Mtu mwenye cheo chako! Mtoto atamheshimu nani huko akiwa mkubwa?

6. Bi. Fredrikke wa ghorofa ya tatu. Hili ningependa kulifupisha.

Mchana nilimlaza Eilif nje uani kwenye kigari chake, ndani ya ngozi ya kondoo, kama kila mtoto mwenye wazazi wenye akili anavyolala. Nikapanda juu kunywa kahawa. Niliposhuka nilimkuta mwanamke wa makamo yangu ameketi benchini kando ya kigari, anafuma. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu, dada. Namchunga tu. Kuna paka hapa ana tabia ya kupanda kwenye vigari vya watoto." Paka huyo sikumwona siku hiyo, wala siku yoyote nyingine. Kesho yake Bi. Fredrikke alikuwepo tena. Siku ya tatu alikuja na chupa ya kahawa na vikombe viwili, akanisogezea kimoja, akaniambia, "Keti basi, shoga. Utasimama mpaka lini kama askari?" Nikaketi kwa sababu magoti yaliniuma. Ni mcheshi, hilo sikatai. Ana ulimi mchafu kuhusu kamati yako, nilicheka mpaka machozi yakanitoka yakagandia kwenye kope.

Siku ya mwisho Eilif aliamka, akafumbua macho, akamtazama yeye kwanza. Ana maneno machache sana, Mwenyekiti. Ana "maziwa", ana "hapana", na ana "bibi". Akasema, "Bibi."

Hakuniambia mimi.

Bi. Fredrikke aligeuka upesi akanionyesha kwa kidole, "Bibi yule pale, bwana mdogo, mimi ni jirani tu." Alifanya uungwana. Nami nilipanda juu nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Niliona wivu, nakuambia wazi. Huyo mwanamke kama hana mjukuu, aende akatafute wake. Jengo ambalo watu wake wanakaa kwenye baridi kumlinda mtoto wa mtu dhidi ya paka asiyekuwepo ni jengo la hatari. Mtoto akikaa humo mwaka mmoja tu hatakuwa na haja ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, sababu unazo. Barabara ni za moto, mbwa wanavaa viatu, watu hawaachi kitu kipotee, jua halina nidhamu, uongozi unacheza na watoto, na majirani wanawapenda watu wasiowahusu. Andika lolote kati ya hayo kwenye barua ya kumkataa Synne, na uhakikishe mkono wangu hauonekani. Akiniuliza nitasema nimesikitika, na ninajua kusikitika vizuri sana.

Nisalimie wanakamati wote, yule kijana wa ndevu ukimwona, yule mwanamke aliyekosa tramu, na mwenye mbwa. Bi. Fredrikke naye msalimie, kwa kiasi.

Wako katika ujenzi wa jamii yenye baridi ya kutosha,

Gudveig Myrhaug

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii nikaifungua tena. Synne amepiga simu sasa hivi. Wiki ijayo anakuja kwako kuliondoa ombi lake. Anasema anarudi nyumbani, atafanya kazi yoyote, hata kupanga makopo dukani. Nikamuuliza kwa nini, kumetokea nini, ni lile jua? Akasema, "Mama, nilikuona uwanja wa ndege ulivyomkumbatia. Siwezi kukunyang'anya. Utabaki na nani huko?"

Bwana Wessel-Holst, nilimpigia kelele mpaka simu ikakwaruza. Nilimwambia mimi si kisingizio cha mtu. Nilimwambia kuna watu huko wanangoja miguu ya kutembelea, na yeye anataka kuja kupanga makopo ya samaki kwa ajili ya mwanamke mmoja mwenye roho mbaya. Hakunisikia. Amerithi kichwa changu, na hilo ndilo tatizo.

Sasa nakuomba, yote niliyoandika hapo juu yachome moto. Akija, mwambie ombi likishapelekwa kwenye kamati haliondolewi. Mwambie ni kanuni. Kama haipo, itunge mara tu ukisoma haya, uibandike ngazini. Nyinyi mna kanuni ya kila kitu, moja zaidi haitawaua. Mpokeeni mwanangu. Mpokeeni na mtoto.

Na mwambie Bi. Fredrikke kwamba Eilif akikataa kulala, ashikwe kidole gumba cha mkono wa kushoto, taratibu, bila kuimbiwa, mpaka usingizi umchukue. Aliniuliza siri yangu ni nini, nikamwambia sina.