Mtaimbo wa Bwana Haraka

Habari ilifika barazani kwa Mzee Abasi kahawa haijachemka. Aliyeileta alikuwa Stambuli, ambaye sote tulimwita Telegrafu, kwa kuwa habari alizipata mapema kuliko waya wa Wajerumani, na tofauti na waya huo, yeye mvua ilikuwa haimkati. Alisema motokaa ya Bwana Haraka imekufa tena, na safari hii Kabichi amekamatwa.

Bwana Haraka alikuwa Mjerumani mchimba ulanga, yale mawe yanayong'aa kama kioo, huko juu milimani. Jina lake la kwao lilitushinda ulimi, tukampa hilo. Motokaa yake ilikuja Morogoro juu ya behewa, imefunikwa turubai kama bibi harusi, naye akatangaza sokoni kwamba siku za wapagazi zimekwisha, kwani chombo hicho kitapanda Uluguru mahali punda anapogeuka kurudi. Kilipanda mara mbili tatu. Kisha kikaanza ugonjwa mmoja usiopona: tumboni mwake mlikuwa na mtaimbo mrefu unaozunguka, ambao mafundi wa leo wanauita shafti, nao ndio uliopeleka nguvu ya mashine kwenye magurudumu ya nyuma. Ukikatika huo, mashine inanguruma na gari halisogei, mfano wa bwana anayefoka nyumbani kwake na hakuna anayeinuka.

Kabichi naye alikuwa mwenzetu Gabrieli, mkulima wa mteremko wa Kilakala, mtu wa misheni, ambaye kila akishusha mboga sokoni hupita kunywa kahawa na sisi. Maji ya shamba lake yalikatiza barabara kwa mfereji mdogo. Gurudumu la Bwana Haraka lilitumbukia humo, mtaimbo ukakatika, na Bwana akaapa kwamba mfereji ule ulichimbwa makusudi ili kuua motokaa. Mfereji ulichimbwa na babu yake Gabrieli. Barabara ndiyo ilikuja juzi. Lakini huko bomani, kosa kama hilo lilimaanisha hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na tano ya kiboko.

Baraza likachemka kabla ya birika. Stambuli alishikilia kwamba chuma cha Ulaya kimezoea baridi, kikipigwa na jua la Morogoro kinalegea kama muwa uliochomwa. Mzee Abasi hakukubali. Alisema kilichovunja mtaimbo ni masanduku ya ulanga yaliyorundikwa hadi chombo kikawa kinaburuza matako, na juu ya masanduku hayo kreti za bia, na juu ya bia Bwana mwenyewe. Hatibu, tuliyemwita Mgongo kwa kuwa ujana wake wote aliumaliza kwenye upagazi, aliwasikiliza mpaka mwisho, akajipapasa kiunoni.

"Mimi nimebeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo," alisema. "Nimeteleza kwenye tope, nimetumbukia mitaroni, nimelala njaa. Mtaimbo wangu haujakatika mpaka leo."

Tulikuwa bado tunacheka pale Cecilia, mkewe Gabrieli, alipotokea, khanga imemlegea kichwani na miguu imejaa vumbi la kuteremka mbio. Aliamkia wazee mmoja mmoja, kisha akasema shauri la mumewe linasikilizwa mchana huohuo.

"Baba zangu, mnajua mfereji ule ni wa tangu lini. Naomba mtu wa kwenda kusema hivyo bomani."

Kicheko kilikatika. Stambuli alikumbuka kwamba anangojewa kijijini Mzinga. Hatibu, ambaye mtaimbo wake haujapata kukatika, alisema mgongo umemkaza tangu alfajiri. Mimi niliangalia ndani ya kikombe changu kitupu kana kwamba jibu limejificha humo. Cecilia hakulia wala hakutusihi. Alisimama tu, akingoja, na kule kusimama kwake kulituuma kuliko matusi.

Mzee Abasi alimwaga maji motoni, akavaa koti lake la Ijumaa, akamwambia, "Twende, mwanangu." Ilitubidi tumfuate, maana kahawa yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka.

Mbele ya Bwana Shauri, mkubwa wa boma, Mzee Abasi ndiye aliyesema. Alieleza kwamba yeye alikunywa maji ya mfereji ule akiwa kijana, barabara ikiwa bado pori. Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa tu, maana aliyetikisa kichwa akibanwa anaweza kukana. Bwana Haraka alicheka. Alisema mtaimbo wa akiba, aliouagiza zamani, umefika asubuhi hiyo kwa gari la moshi na umekwisha kufungwa, na kama kuna anayedhani ubovu uko kwenye motokaa, basi Bwana Shauri apande ajionee mwenyewe chombo kinavyokwenda kwenye njia isiyo na hila za wenyeji.

Uwanja wa boma ulikuwa umefagiliwa, bapa kama sinia. Bwana Shauri alipanda, akashika kofia yake. Motokaa iliunguruma, ikazunguka mlingoti wa bendera mara moja kwa madaha, askari wakapiga saluti. Ilipoanza kuuzunguka tena, tulisikia mlio mkavu, kama mfupa wa kuku ukivunjwa. Mashine iliendelea kunguruma. Magurudumu yalikuwa yamesimama.

Bwana Shauri aliinama kutazama mchanga uliofagiliwa, mkono bado kwenye kofia. Kisha akauliza kwa Kiswahili, taratibu, uwanja mzima ukasikia:

"Na hapa, mfereji uko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kucheka bomani kulikuwa na adhabu yake. Bwana Haraka alijishughulisha na kufuta miwani. Nilimwona Gabrieli, kati ya askari wawili, akifumba macho na kufanya ishara ya msalaba, na Cecilia akakaa chini palepale mchangani.

Gabrieli aliachiwa. Lakini motokaa haikuweza kuachwa imelala chini ya bendera ya Kaiza, na kwa kuwa hapakuwa na punda karibu, Bwana Shauri aliamuru ivutwe hadi kwa mwenyewe, na wavutaji wawe mshitakiwa na mashahidi wake. Tulifungwa kamba. Njia nzima Bwana Haraka alikaa kitini, mikono kwenye usukani, akituelekeza.

Jioni tulirudi barazani tumechubuka viganja. Hatibu alijinyoosha kifudifudi, akaomba akandwe mgongo. Stambuli, ambaye safari ya Mzinga ilikuwa imempita, alimpongeza Gabrieli kwa kuokoka hamsa ishirini.

Gabrieli alipuliza kahawa, akanywa funda moja.

"Hamsa ishirini zina mwisho, ndugu yangu," alisema. "Bwana Haraka ameagiza mtaimbo mwingine."

Tuliinuka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kazi iliyo mbali na barabara.